George Eastman na Utando wa Picha

1. Utando na kitu kilicho chini yake

Watu wengi wamewahi kupigwa picha. Wengine wana picha ya harusi yao. Wengine wana picha ya wazazi waliokwisha kufariki. Siku hizi picha nyingi hupigwa kwa simu. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo zilipigwa kwa filamu. Filamu ni mkanda mwembamba unaowekwa ndani ya kamera.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuwafikishia watu wa kawaida kamera na filamu ni George Eastman wa Marekani. Alianza maisha katika shida. Alikufa akiwa tajiri. Jina la kiwanda chake, Kodak, lilijulikana duniani kote.

Kazi ya Eastman ilikuwa kupaka utando mwembamba juu ya kitu kingine. Utando tunaujua. Maziwa yaliyochemshwa yakipoa hufanya utando juu. Rangi ya mlango ikikauka ni utando.

Fundi wa rangi anajua jambo moja. Rangi ile ile ikipakwa juu ya ubao uliopigwa randa vizuri, hung'aa. Ikipakwa juu ya ubao wenye mikwaruzo, kila mkwaruzo huonekana. Ikipakwa juu ya ubao wenye mafuta, haishiki. Rangi ni moja. Ubao ndio uliobadilika.

Eastman alikutana na jambo hili katika kazi yake tena na tena. Lilimpa taabu kwa miaka mingi. Mwishoni ndilo lililomtajirisha.

2. Mtoto wa mjane

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 katika kijiji cha Waterville, jimbo la New York. Baba yake alikuwa na shule ya kufundisha kazi za biashara katika mji wa Rochester. Mwaka 1862 baba huyo alifariki. George alikuwa na umri wa miaka saba tu.

Mama yake, Maria, alibaki na watoto watatu. Mmoja wa mabinti alikuwa na ugonjwa wa kupooza. Fedha zilikuwa chache. Mama Maria akaanza kupokea wapangaji nyumbani na kuwapikia chakula. Hivyo ndivyo alivyowalea watoto wake.

George aliacha shule alipokuwa na umri wa miaka 14. Alipata kazi ya kutumwa katika ofisi ya bima. Mshahara wake ulikuwa dola 3 kwa wiki. Usiku alijifunza kuandika hesabu za biashara, ili apate kazi nzuri zaidi. Mwaka 1870 dada yake mgonjwa alifariki. Mwaka 1874 George aliajiriwa kuwa karani wa benki mjini Rochester. Sasa aliweza kumsaidia mama yake.

3. Mzigo wa mpiga picha

Mwaka 1877 Eastman alitaka kusafiri wakati wa likizo. Rafiki mmoja alimshauri apige picha za safari hiyo. Eastman akanunua kamera na vifaa vyake. Safari yenyewe hakwenda. Lakini upigaji picha ulimwingia moyoni.

Wakati ule kupiga picha ilikuwa kazi ngumu. Kamera ilikuwa kubwa kama sanduku. Picha ilipigwa juu ya kipande cha kioo. Kwanza mpiga picha alimwaga juu ya kioo dawa nzito iitwayo kolodioni. Dawa hiyo ilifanya utando. Kisha alikitumbukiza kioo katika maji yenye chumvi ya madini ya fedha. Chumvi hiyo hugeuka ikipata mwanga. Picha ilipaswa kupigwa na kusafishwa kabla utando haujakauka.

Kwa hiyo mpiga picha alibeba kila kitu. Alibeba kamera, vioo, chupa za dawa, ndoo ya maji na hema la giza. Ilikuwa kama mzigo wa punda. Eastman alimlipa mpiga picha mmoja dola 5 ili amfundishe kazi hiyo. Alipojua kazi, alianza kujiuliza: je, mzigo huu hauwezi kupunguzwa?

4. Kazi ya usiku jikoni

Eastman alisoma katika gazeti la wapiga picha la Uingereza kwamba watu wa huko walikuwa wakitengeneza vioo vikavu. Badala ya kolodioni walitumia jelatini.

Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Kila aliyekunywa supu ya makongoro ameiona. Supu ikiwa moto ni majimaji. Ikipoa huganda na kutetemeka. Kinachoigandisha ni jelatini. Waingereza walichanganya jelatini ya moto na chumvi za madini ya fedha. Wakaipaka juu ya kioo na kuiacha ikauke. Kioo hicho kiliweza kukaa kwa miezi kabla ya kutumiwa. Mpiga picha hakuhitaji tena kubeba hema.

Eastman akaanza kujaribu mwenyewe. Mchana alifanya kazi benki. Usiku alipika dawa katika jiko la mama yake. Mara nyingine alichoka mno akalala sakafuni karibu na jiko bila kuvua nguo.

Hapo alikutana na tabia za kioo. Kioo ni kigumu. Ni laini. Hakinyonyi maji. Utando wa jelatini juu ya kioo safi hukaa sawasawa kama maji ya bwawa lisilo na upepo. Lakini kioo kikiguswa na kidole huachiwa mafuta ya mkono. Jelatini ina maji mengi ndani yake, nayo maji na mafuta havipatani. Mahali penye mafuta utando hujitenga. Hubaki tundu au doa. Wakati mwingine utando mzima hubanduka kama ganda la kidonda. Kwa hiyo kusafisha kioo ilikuwa nusu ya kazi.

Tena utando ulipaswa kuwa na unene mmoja kila mahali. Kupaka kwa mkono hakukutosha. Eastman akabuni mashine ya kupaka vioo. Mwaka 1879 alipata hati ya haki ya uvumbuzi huo Uingereza. Mwaka 1880 aliipata Marekani. Mwaka huo alikodi chumba na kuanza kutengeneza vioo vya kuuza. Mwaka 1881 mfanyabiashara Henry Strong, aliyekuwa mpangaji wa mama yake, aliweka fedha katika biashara hiyo. Eastman akaacha kazi ya benki.

5. Vioo vinaharibika

Kampuni ilikuwa bado changa ilipopata pigo. Wanunuzi walianza kulalamika. Vioo vilivyokuwa dukani havikutoa picha nzuri. Eastman angeweza kusema kwamba kosa ni la wanunuzi. Hakufanya hivyo. Alivirudisha vioo vibovu na kuwapa watu vizuri. Hasara ilikuwa kubwa kwa kampuni ndogo. Lakini watu walijua sasa kwamba neno lake ni la kuaminika.

Mwaka 1882 matatizo yalirudi. Safari hii vioo vilitoka kiwandani vikiwa vibovu. Eastman alijaribu dawa moja baada ya nyingine. Hakuona sababu. Alisimamisha kazi. Kisha yeye na Strong walivuka bahari kwenda Uingereza kuuliza wenye ujuzi. Huko alifahamu kwamba kosa lilikuwa katika jelatini aliyouziwa. Tangu siku hizo alipima kila kitu kabla ya kukiingiza kiwandani. Baadaye aliajiri watu waliosoma kemia ili wasaidie kazi hiyo.

6. Kutoka kioo kwenda karatasi

Vioo vilikuwa vizuri, lakini vilikuwa vizito. Vilivunjika njiani. Eastman alitaka kitu chepesi kinachoweza kuviringishwa kama mkeka. Mwaka 1884 alijaribu karatasi. Alipaka juu yake jelatini ile ile yenye madini ya fedha.

Dawa haikubadilika. Lakini picha ilibadilika. Kwa nini?

Karatasi imetengenezwa kwa nyuzi. Ukiitazama kwa kioo cha kukuza, utaona vilima na mabonde madogo madogo. Karatasi hunyonya maji kama udongo mkavu. Tena haipitishi mwanga vizuri.

Picha ya kwanza inayotoka katika kamera huitwa negativu. Katika negativu, peusi huonekana peupe na peupe huonekana peusi. Ili kupata picha ya kawaida, mwanga hupitishwa katika negativu. Negativu ya kioo iliupitisha mwanga bila kizuizi. Negativu ya karatasi ilipaswa kupakwa mafuta kwanza ili mwanga upite. Hata hivyo nyuzi za karatasi zilionekana katika picha. Uso wa bibi harusi ulikuwa kama umenyunyiziwa mchanga.

Eastman akatafuta njia nyingine. Alitumia karatasi kama mbebaji wa muda tu. Chini kabisa aliweka karatasi. Juu yake alipaka jelatini laini inayoyeyuka katika maji ya moto. Juu kabisa alipaka jelatini iliyogumishwa, yenye madini ya fedha. Baada ya picha kusafishwa, ililowekwa katika maji ya moto. Jelatini ya katikati iliyeyuka. Karatasi ikabanduliwa. Utando wenye picha ukahamishwa taratibu kwenye kioo. Sasa nyuzi hazikuonekana tena.

Mwaka 1888 Eastman alitoa kamera ndogo iliyotumia mkanda huo. Aliiita Kodak, neno alilolibuni mwenyewe. Bei yake ilikuwa dola 25. Mkanda wake ulitosha picha 100. Mkanda ukiisha, mwenye kamera aliirudisha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10. Kiwanda kilisafisha picha, kikaweka mkanda mpya na kuirudisha. Watu walipenda. Lakini kazi ya kubandua utando ilikuwa ngumu. Mkono ukikosea kidogo, utando ulichanika na picha ilipotea.

7. Pamba inageuka kuwa filamu

Eastman alimwajiri mkemia kijana aliyeitwa Henry Reichenbach. Akampa kazi ya kutafuta kitu kipya cha kubeba utando. Kitu hicho kilipaswa kuwa laini kama kioo na chepesi kama karatasi.

Kitu hicho kilikuwa seluloidi. Seluloidi hutokana na pamba. Pamba hutiwa katika asidi kali, ikabadilika. Kisha huyeyushwa katika spiriti pamoja na kafuri. Hupatikana majimaji mazito kama asali. Yakikauka huwa kitu kinachopitisha mwanga na kinachokunjika.

Jelatini na seluloidi ni za ukoo mmoja. Wataalamu wa kemia huziita polima. Chembe zake ndogo sana zimeungana kama mnyororo mrefu. Minyororo hiyo ikisokotana hufanya utando wenye nguvu. Plastiki na mpira pia ni polima.

Mwaka 1889 kiwanda cha Eastman kilianza kuuza filamu ya seluloidi. Ilitengenezwa juu ya meza ndefu zenye uso wa kioo. Seluloidi iliyoyeyushwa ilimwagwa juu ya meza na kutandazwa. Spiriti ikapaa hewani. Seluloidi ikabaki kama shuka nyembamba, ikapakwa jelatini yenye madini ya fedha. Baadaye ilibanduliwa na kukatwa mikanda.

Ona jinsi kitu cha chini kilivyotawala tena. Upande wa shuka uliogusa meza ulifanana na meza yenyewe. Meza ikiwa laini, filamu ilikuwa laini. Meza ikiwa na mkwaruzo, filamu ilipata alama ya mkwaruzo. Punje moja ya vumbi iliacha shimo dogo. Meza ikiwa na mafuta, seluloidi haikutandaa sawasawa. Kwa hiyo wafanyakazi walisugua meza hizo kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1899 kiwanda kilianza njia nyingine. Badala ya meza kilitumia gurudumu kubwa linalozunguka bila kusimama. Lakini kanuni haikubadilika. Uso wa gurudumu nao ulipaswa kuwa laini na safi.

Filamu hii ilifungua mlango mwingine. Thomas Edison na wenzake waliitumia katika kazi yao ya picha zinazotembea. Sinema ilianza hivyo.

8. Filamu inayojikunja

Tatizo moja lilibaki. Jelatini ikilowa huvimba. Ikikauka husinyaa na kuvuta kitu kilicho chini yake. Kioo ni kigumu, hakivutiki. Lakini filamu ya seluloidi ni nyembamba. Ilivutwa upande mmoja ikajikunja kama jani la mgomba juani. Wapiga picha walisumbuka kuinyoosha.

Mwaka 1903 kampuni ya Eastman ilitoa filamu isiyojikunja. Dawa yake ilikuwa rahisi. Walipaka jelatini upande wa pili pia. Sasa upande mmoja ulivuta huku na upande wa pili ulivuta kule. Nguvu zikalingana. Filamu ikanyooka.

Tena seluloidi ilishika moto upesi. Majumba mengi ya sinema yaliungua. Mwaka 1908 kampuni ilitoa filamu ya namna nyingine isiyowaka kwa urahisi.

9. Haki ya mchungaji Goodwin

Eastman alikuwa mtu wa kazi, lakini si kila mtu alimsifu. Mchungaji mmoja wa kanisa, Hannibal Goodwin, alikuwa amebuni filamu ya seluloidi pia. Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1887, kabla ya watu wa Eastman. Ofisi ya serikali ilimchelewesha miaka mingi. Alipata hati yake mwaka 1898. Mwaka 1900 alifariki baada ya kuumia katika ajali, kabla hajafaidi kazi yake.

Walioinunua haki ya Goodwin waliishtaki kampuni ya Eastman. Kesi ilichukua miaka mingi. Mwaka 1914 kampuni ya Eastman ilishindwa. Ikalipa dola milioni 5. Goodwin mwenyewe hakuwapo kuona siku hiyo.

10. Mali na miaka ya mwisho

Mwaka 1900 kiwanda kilitoa kamera ndogo iitwayo Brownie. Bei yake ilikuwa dola 1. Hata watoto waliweza kupiga picha. Fedha nyingi ziliingia.

Eastman hakuoa. Alimtunza mama yake mpaka alipofariki mwaka 1907. Aliwagawia wafanyakazi sehemu ya faida ya kampuni. Alitoa mamilioni ya dola kwa vyuo vikuu, shule ya muziki na kliniki za meno za watoto. Chuo kimoja kikubwa cha ufundi katika jimbo la Massachusetts alikipa fedha kwa siri. Kwa miaka kadhaa watu walijua tu kwamba mfadhili anaitwa Bwana Smith. Mwaka 1924 alivipa fedha pia vyuo vya Tuskegee na Hampton, vilivyosomesha Wamarekani weusi.

Mwaka 1926 Eastman alifika Kenya kwa safari ya kuwinda. Alikuwa pamoja na Martin Johnson na mke wake Osa, waliokuwa wakipiga filamu za wanyama wa porini. Wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70.

Baadaye alipata ugonjwa wa uti wa mgongo. Kutembea kulikuwa kwa taabu na maumivu yalikuwa makali. Tarehe 14 Machi 1932 alijiua nyumbani kwake Rochester. Watu wengi walihuzunika.

11. Tunajifunza nini?

Dawa moja ilipakwa juu ya vitu vitatu. Juu ya kioo ilitoa picha safi, lakini nzito. Juu ya karatasi ilitoa picha yenye chembe. Juu ya seluloidi ilitoa picha safi na nyepesi, lakini filamu ilijikunja. Kila mara Eastman alipotafuta utando bora, ilimbidi aangalie chini ya utando.

Mafundi wetu wanaweza kutumia elimu hii. Kabla ya kupaka chokaa, fagia ukuta. Kabla ya kupaka vanishi, piga msasa. Kabla ya kuziba mpira wa baiskeli, kwangua na safisha mahali pa kubandika. Utando hauwezi kuficha uchafu ulio chini yake kwa muda mrefu.

Jaribu mwenyewe

Pika uji mwepesi wa wanga wa muhogo. Uache upoe kidogo. Chukua sahani mbili za bati. Moja ioshe kwa sabuni na uikaushe. Nyingine ipake mafuta kidogo ya kula. Chukua pia ubao usiopigwa randa. Mwaga uji kidogo juu ya kila kimoja na uutandaze. Uweke kivulini mpaka ukauke. Kisha linganisha nyuso zake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mama Maria alifanya nini ili kulea watoto wake baada ya mumewe kufariki?
2. Kwa nini picha za karatasi zilikuwa na chembe, na picha za kioo hazikuwa nazo?
3. Filamu ya seluloidi ilijikunja kwa sababu gani? Ilizuiwaje?
4. Eastman aliwarudishia watu vioo vizuri badala ya vibovu. Je, alifanya vyema? Toeni sababu.
5. Je, mchungaji Goodwin alitendewa haki?
6. Katika kijiji chenu, ni kazi gani huharibika kwa sababu kitu cha chini hakikutayarishwa?